Nicodemus: kijiji cha Kansas kilichopitwa na reli lakini hakikufa

Katika jimbo la Kansas, katikati ya Marekani, kuna kijiji ambacho wakazi wake wa kudumu leo hawajazi basi moja. Kinaitwa Nicodemus. Hakina posta wala shule inayofundisha. Hata hivyo, kila mwisho wa Julai mamia ya watu hufunga safari kutoka majimbo mbalimbali kwenda huko, wakasalimiana kwa majina ya ukoo na kuwaonyesha watoto shamba la babu wa babu yao. Wiki hii tunawaletea historia ya kijiji hicho, tangu kilipoanza hadi kilipofikia leo.

Waliokianzisha ni nani?

Utumwa ulifutwa Marekani mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha. Watu weusi wa majimbo ya kusini walipata uhuru, lakini ardhi hawakupata. Wengi walibaki kulima mashamba ya mabwana wale wale wa zamani, na mavuno yakigawanywa wao ndio waliobaki na deni. Mwaka 1877 serikali kuu iliacha kutumia askari wake kulinda haki zao huko kusini, na vitisho vikazidi.

Wakati huo kulikuwa na sheria ya mwaka 1862 iliyomruhusu mtu kuchukua ekari 160 za ardhi ya serikali huko magharibi. Akikaa juu yake miaka mitano na kuilima, inakuwa mali yake. Kwa mtu aliyezaliwa akiwa mali ya mwenzake, hilo halikuwa jambo dogo.

Mwaka huo wa 1877 iliundwa kampuni ya kuanzisha mji wa Nicodemus. Walioiongoza ni pamoja na W. R. Hill, Mzungu mfanyabiashara wa viwanja, W. H. Smith, na mchungaji Simon Roundtree, hawa wawili wakiwa watu weusi. Walipeleka matangazo hadi jimbo la Kentucky, wakaisifu ardhi ya Kansas kuwa ina rutuba na nafasi tele. Septemba 1877 watu wapatao 300 kutoka Kentucky wakapanda treni.

Walikuta nini?

Treni iliishia mji wa Ellis. Kutoka hapo kulibaki takriban kilomita 55 za mbuga tupu, hakuna barabara. Na walipofika, mji uliotangazwa haukuwepo. Miti ya kujengea ilikuwa haba, kwa hiyo waliotangulia walichimba mashimo kwenye miinuko ya ardhi, wakaezeka juu kwa matawi na udongo, wakaishi humo.

Mama mmoja, Willianna Hickman, aliyefika mwaka 1878 na mumewe mchungaji, alikuja kusimulia siku hiyo akiwa mzee. Kundi lao lilikuwa limepigwa na surua pale Ellis na watoto kadhaa walifariki. Baada ya siku kadhaa za njia, wenzake wakaanza kushangilia kwamba Nicodemus ndiyo ile. Yeye akatazama, asione nyumba hata moja. Mumewe akamwonyesha moshi ukitoka ardhini. Alisema alianza kulia.

Makumi ya familia ziligeuza njia. Waliobaki walipita majira ya baridi ya kwanza kwa shida kubwa. Simulizi iliyorithishwa kijijini inasema Wahindi Wekundu wa kabila la Osage, wakirudi kutoka kuwinda, waliwagawia chakula. Msimu wa kupanda ulipofika, wengi hawakuwa na farasi wala plau. Walivunja ardhi kwa jembe la mkono na sepeto.

Kijiji kilisimamaje?

Kilisimama kwa kazi na kwa watu waliojua kupanga mambo. Zachary Fletcher alikuwa msimamizi wa kwanza wa posta na akafungua hoteli. Mkewe, Jenny Smith Fletcher, alianza kufundisha watoto. Edward McCabe, aliyefika mwaka 1878, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas. Hapo kabla hakuna mtu mweusi aliyewahi kushika wadhifa wa ngazi hiyo katika jimbo hilo.

Kufikia katikati ya miaka ya 1880 kulikuwa na makanisa, maduka, hoteli, benki na hata magazeti mawili. Wazungu kadhaa nao walifungua biashara zao humo.

Reli ilifanya nini?

Enzi hizo mji wenye stesheni ulipata soko la nafaka, na usio na stesheni ulikauka. Wenyeji wa Nicodemus walilijua hilo. Mwaka 1887 walipiga kura kukubali kubeba deni la dola 16,000 ili kuivuta kampuni ya reli ya Missouri Pacific. Reli hiyo haikufika. Mwaka 1888 kampuni nyingine, Union Pacific, ikapitisha njia yake ng'ambo ya mto Solomon, kilomita chache tu kutoka kijijini, na pale ukaota mji wa Bogue. Wafanyabiashara wakahamia huko, wengine pamoja na majengo yao. Magazeti yakafungwa.

Wakulima ndio waliobaki, kwa sababu shamba halihamishiki. Miaka ya 1930 ukaja ukame na dhoruba za vumbi pamoja na kuporomoka kwa bei za mazao, na vijana wakaenda mijini kutafuta kazi. Posta ilifungwa mwaka 1953, na shule mwaka 1960.

Kwa nini hakijafutika?

Jibu la kwanza ni ile sikukuu ya Julai. Ilianza miaka ya mwanzo kabisa ya kijiji kama kumbukumbu ya kukombolewa kutoka utumwani. Walipotawanyika, ikawa siku ya kurudi nyumbani. Mtu aliyezaliwa Denver au California bado anajiita wa Nicodemus kwa sababu kila mwaka ana mahali pa kurudi.

Jibu la pili ni kwamba wenyewe walidai historia yao itambuliwe. Mwaka 1996 serikali kuu ilikifanya kijiji kuwa eneo la kihistoria la taifa. Majengo matano ya zamani yanahifadhiwa: makanisa mawili, shule, ukumbi wa kijiji na ile hoteli ya akina Fletcher.

Na ardhi bado ina maana kwao. Veryl Switzer, mzaliwa wa Nicodemus aliyecheza mpira wa Kimarekani katika timu ya Green Bay Packers miaka ya 1950, alitoka katika familia ya wakulima wa hapo. Ukoo wa Switzer ni miongoni mwa koo ambazo jina lake halijatoka katika mashamba ya Nicodemus.

Ukipata nafasi ya kuangalia ramani kwenye simu yako, tafuta Nicodemus, Kansas. Utaona mitaa michache iliyozungukwa na mashamba ya ngano. Miaka mia moja na arobaini na ushee iliyopita, pale palionekana moshi tu.