Bangili za Dhahabu Mkononi mwa Kuruta

Mwanamume akiota amevaa bangili za dhahabu, vitabu vya taabiri havimpi hongera. Vinamtaka ajiandae kwa dhiki: mkono utabanwa, mali itapungua, au kuna habari mbaya njiani. Mwanamke akiota bangili zizo hizo huambiwa afurahi, kwani hilo ni pambo lake, na huenda ni mume au mtoto anayekuja. Kwa asiyejua historia ya elimu hii, hukumu mbili kwa ndoto moja zinafanana na ubabaishaji wa waganga wa mabango. Ukizifuata hadi zilikotoka, unakuta hoja zilizojengwa na watu wenye majina, katika miji inayojulikana, kwa muda wa karne kadhaa.

Kiganjo si mji ambao mtu angeutaja akizungumzia dhahabu. Ni mji mdogo karibu na Nyeri, unaojulikana kwa maziwa ya KCC, kwa stesheni ya reli iendayo Nanyuki, na zaidi ya yote kwa chuo cha polisi. Lakini chuo kile hukusanya vijana kutoka kila pembe ya Kenya. Wa Lamu, Kwale, Garissa na Wajir hupiga gwaride pamoja na wa Othaya na Kisii, na baridi ya Mlima Kenya haimbagui mtu. Kijana wa Kiislamu aliyelelewa Pwani huja na ndoto zake, na huja pia na adabu ya kuzisimulia. Akipata nafasi ya kupiga simu nyumbani, mazungumzo huweza kwenda hivi:

“Mama mdogo, usiku nimeota nimevaa bangili za dhahabu, mikono yote miwili.”

“Kheri inshallah, mwanangu. Ulizivaa mwenyewe au ulivalishwa?”

“Nilivalishwa.”

“Na nani? Zilikubana? Na huko umeshamhadithia mtu?”

Mama mdogo wa namna hii huenda hajawahi kufungua kitabu cha Kiarabu cha taabiri, lakini maswali yake yana umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Hata lile neno la kheri kabla ya kusikia habari yenyewe ni adabu ya zamani: ndoto hupokewa kwa wema kwanza, ndipo iulizwe.

Mzizi wa jambo hili ni ndoto ya Mtume Muhammad mwenyewe, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Alipokuwa amelala alipewa hazina za ardhi, kisha akawekewa bangili mbili za dhahabu mikononi. Zikamkera. Akaambiwa ndani ya ndoto azipulize, akazipuliza, zikaruka. Tafsiri aliyoitoa ilikuwa ya kisiasa kabisa: bangili mbili ni waongo wawili watakaodai utume, mmoja wa San'a na mwingine wa Yamama. Ndivyo ilivyokuwa. Al-Aswad al-Ansi aliuawa Yemen mwaka 632, na Musaylima akauawa katika vita vya Yamama muda mfupi baada ya Mtume kufariki.

Wataalamu waliofuata waliisoma ndoto hii kama fundi anavyosoma ramani ya nyumba. Kwa nini bangili ziwe uongo? Kwa sababu, walisema, uongo ni kuweka kitu mahali pasipo pake, na dhahabu mkononi mwa mwanamume ndivyo ilivyo. Sheria ilikuwa imekwisha kuwaruhusu wanawake dhahabu na hariri na kuwakataza wanaume, na Mtume mwenyewe aliwahi kuvaa pete ya dhahabu kisha akaitupa. Kwa hiyo sheria ya mavazi ya mchana ikawa kipimo cha usiku. Hukumu mbili kwa ndoto moja, zilizoonekana kama ubabaishaji, zinafuata kanuni moja.

Mtu ambaye jina lake limebandikwa kwenye elimu hii yote ni Muhammad ibn Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 110 Hijria, yaani karibu mwaka 729. Baba yake, Sirin, alikuwa mateka aliyejinunulia uhuru kwa Anas bin Malik, sahaba wa Mtume. Mwana akawa mfanyabiashara wa nguo, msikivu wa hadithi kuliko msemaji, na mcha Mungu ambaye uchaji wake ulimgharimu. Inasimuliwa kuwa alinunua mafuta ya thamani ya dirhamu 40,000, akakuta panya amekufa ndani ya kiriba kimoja. Badala ya kuuza yaliyobaki, aliyamwaga yote. Deni likamshinda na akafungwa. Mlinzi wa gereza alimwambia awe anakwenda kulala kwake usiku na kurudi asubuhi. Alikataa: hakutaka kumsaidia mlinzi kumhini aliyempa kazi. Polisi wa Kiganjo wangeweza kusomeshwa kisa hiki siku ya kwanza darasani.

Umaarufu wake wa taabiri ulitokana na kumtazama mwotaji kabla ya kuitazama ndoto. Kisa kinachorudiwa zaidi ni cha wanaume wawili waliomjia kila mmoja na ndoto ya kuadhini. Wa kwanza alimwambia atakwenda kuhiji. Wa pili alimwambia mkono wake utakatwa kwa wizi. Walipomuuliza sababu, alisema kwa wa kwanza aliona sura ya mtu mwema, akakumbuka aya ambamo Ibrahimu anaamriwa kuwatangazia watu Hija. Kwa wa pili sura haikumpendeza, akakumbuka mtangazaji katika sura ya Yusuf aliyewaita wenye msafara wezi. Mimi kisa hiki kinanitia wasiwasi kidogo, maana kumhukumu mtu kwa uso wake si jambo la kujivunia. Lakini kinaonyesha namna alivyofanya kazi: hakuwa na orodha mfukoni.

Orodha zilikuja baadaye, na zikapewa jina lake. Ibn Sirin hakuandika kitabu cha ndoto. Kitabu cha zamani zaidi cha Waislamu kuhusu taabiri kilichotufikia ni cha Ibn Qutayba, aliyefariki mwaka 889, na ndani yake mnaelezwa kanuni za kazi: kutafsiri kwa jina la kitu, kwa maana yake, kwa kinyume chake, kwa Qurani, kwa hadithi, kwa methali. Karne hiyohiyo Hunayn ibn Ishaq, tabibu Mkristo wa Baghdad, alikuwa amekwisha kukitia Kiarabu kitabu cha ndoto cha Artemidorus, Mgiriki wa karne ya 2, na wapenda elimu wa Kiislamu hawakuona haya kukichota. Vitabu vikaongezeka na kunenepa. Kile kinachouzwa leo kwa jina la Ibn Sirin kilikusanywa na watu wa karne nyingi baada yake. Katika chapa za Cairo za karne ya 19 kiliwekwa pambizoni mwa kitabu cha Abd al-Ghani al-Nabulsi, mwanachuoni wa Damascus aliyefariki mwaka 1731, na hivyo ndivyo majina hayo mawili yalivyosafiri pamoja hadi kwetu.

Katika vitabu hivyo dhahabu ina kesi nzito. Shahidi wa kwanza ni rangi: umanjano ni uso wa mgonjwa. Shahidi wa pili ni jina, kwa kuwa katika Kiarabu linatokana na herufi zilezile za kitenzi cha kuondoka, kwa hiyo aliyeota macho yake yamekuwa dhahabu huambiwa nuru yake itaondoka. Anayeota nyumba ya dhahabu aogope moto. Mwenye kuyeyusha dhahabu ataingia katika ugomvi na kusemwa na watu. Furungu mguuni mwa mwanamume ni kifungo. Mkufu shingoni, kinyume chake, huweza kuwa dhamana au cheo, kwa kuwa amana hubebwa shingoni. Dinari iliyopigwa chapa ina daraja tofauti na kipande ghafi.

Utetezi nao una mashahidi wake. Qurani inamtaja ng'ombe wa manjano iliyokoza anayewapendeza wamtazamao, na watu wa Peponi wanavishwa bangili za dhahabu, wanaume kwa wanawake. Ndiyo maana mtu mmoja akitafsiriwa dhahabu kuwa hasara, mwingine huambiwa ni kheri ya Akhera, na wote wawili wametafsiriwa kwa kanuni.

Huku kwetu dhahabu ilikuwa jambo la kushikika. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alisikia habari za unga wa dhahabu unaofikishwa Sofala kutoka bara, na sultani aliyemkuta, al-Hasan bin Sulaiman, alipiga sarafu za dhahabu zenye jina lake. Chache zimeonekana hadi leo. Mwaka 1505 Wareno waliivamia Kilwa wakiifuata biashara hiyohiyo. Msomaji wa al-Nabulsi angesema jina la dhahabu lilikuwa limeonya.

Kutoka Pwani hadi Mlima Kenya taabiri ilipanda na watu. Boma la Nyeri lilianzishwa mwishoni mwa mwaka 1902, baada ya msafara wa Richard Meinertzhagen na askari wa King's African Rifles. Katika miji ya namna hii walifuata wapagazi, askari wastaafu na wachuuzi wa Kiislamu, na hadi leo Nyeri na Nanyuki zina mitaa iitwayo Majengo. Reli ilipofika Nanyuki mwaka 1930, njia ya kutoka Mombasa hadi chini ya mlima ikawa ya kulala garini.

Walikuta watu wenye ndoto zao. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu Wagikuyu, anasimulia habari za Mugo wa Kibiru, aliyeamka asubuhi moja akitetemeka, ana michubuko mwilini na hawezi kusema. Aliporudiwa na sauti aliwaambia wazee kuwa watakuja wageni wenye rangi ya chura mdogo mweupe, na baada yao nyoka wa chuma atakayevuka nchi. Reli inayopita Kiganjo ni mtoto wa nyoka huyo. Ndoto ya Mugo ililetwa mbele ya wazee kwa kuwa ilihusu nchi nzima. Taabiri ya Waislamu huenda njia nyingine: ndoto njema humwambii ila anayekupenda, na mbaya huisemi kabisa, unatema mate kidogo kushoto mara tatu, unajikinga kwa Mungu na kugeukia ubavu mwingine.

Najiuliza Ibn Sirin angemwambia nini kuruta wetu, ambaye mchana anafundishwa kumfunga mtu pingu. Hadithi inagawa ndoto mafungu matatu: bishara ya Mungu, vitisho vya shetani, na mazungumzo ya nafsi. Chuma cha mchana kikirudi usiku kimepakwa dhahabu, fungu la tatu linatosha. Simu ya mkononi haitamwambia hivyo. Ukiiuliza maana ya dhahabu inatoa mistari kumi ya al-Nabulsi bila kuuliza kama wewe ni mume au mke, una deni au umechumbia. Inasimuliwa kuwa Ibn Sirin mwenyewe, watu wakimjia na ndoto, mara nyingi aliwaambia tu wamche Mungu wakiwa macho na wasijali walichokiona usingizini.

Wanasheria walikuwa wakali zaidi. Imamu Nawawi, nguzo ya madhehebu ya Shafi yanayofuatwa Pwani, aliandika kuwa mtu akimwona Mtume katika ndoto akimwambia kesho ni Ramadhani, na mwezi haukuonekana, hiyo si hoja ya kufunga. Mahakama ya Kadhi ya Nyeri leo ikiletewa kesi ya mahari au mirathi yenye dhahabu, itataka mashahidi.

Na kuna kisa cha Izz al-Din ibn Abd al-Salam, Mshafi aliyefariki Cairo mwaka 1262. Mtu alimwota Mtume akimwelekeza mahali pa kuchimba, akamwambia kuna hazina, aichukue yote wala hana khumsi ya kutoa. Asubuhi akaenda, akachimba, akaikuta. Wanavyuoni wa wakati wake walimwambia ndoto imethibiti, asitoe kitu. Izz al-Din alikataa: hata ndoto hiyo ikipewa daraja ya hadithi sahihi, hadithi inayowajibisha khumsi ya hazina ni sahihi zaidi. Akamwamuru atoe sehemu moja ya tano.