Kuku wa Uani na Sheria za Mji: Dar es Salaam, 1967–1992

Makala haya yanadai kuwa, jijini Dar es Salaam, sheria haikuuanzisha ufugaji wa mjini bali iliufuata. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili au zaidi na kupangisha nyumba, kwani kipato cha pembeni kilihesabiwa kuwa dalili ya ubepari. Hata hivyo, upungufu wa chakula wa 1974 na 1975 ulizaa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na wakazi wa mijini nao wakahimizwa kulima. Katika miaka ya 1980 thamani ya mshahara iliporomoka. Watumishi wengi wa umma walijenga mabanda uani, wakafuga kuku wa mayai na wa nyama ili kuziba pengo hilo.

Azimio la Zanzibar la 1991 liliyalegeza masharti ya uongozi. Mwaka uliofuata, Kanuni za Kilimo cha Mjini zilitolewa chini ya Sheria ya Mipango Miji. Kanuni hizo ziliweka kikomo cha ekari tatu kwa mkulima na ng'ombe wanne kwa mfugaji, tena wa kulishwa zizini.

Vipimo hivyo vyamhusu zaidi mwenye kiwanja. Ni vigumu kumwona ndani yake mpangaji wa chumba kimoja, mwenye kuku wachache katika ua wa pamoja. Hivyo basi, historia ya kibali cha kufuga haina budi kuchunguzwa pamoja na historia ya umilikaji wa ardhi mjini.