Myao Aliyeitwa Wainwright

Hapa Songea jina la ukoo ni nusu ya maamkizi. Mtu akisema yeye ni Gama, Komba au Ngonyani, mzee aliyeketi karibu huuliza papo hapo: wa wapi, mtoto wa nani? Katika daftari la ubatizo la parokia majina mawili hukaa pamoja, la mtakatifu na la ukoo, na mjukuu anayetafuta asili yake huanzia hapo.

Wainwright ni jina lisilojibu swali la mzee huyo. Ni jina la ukoo la Waingereza, lililoundwa na maneno mawili ya kale: gari la kukokotwa, na fundi. Kwa hiyo maana yake ni fundi wa magari ya ng'ombe. Ukilikuta katika habari za safari ya mwisho ya David Livingstone, utadhani ni Mzungu mmojawapo, ukafungua ukurasa mwingine. Kumbe Jacob Wainwright alikuwa Myao, wa kabila lililoko Tunduru kwetu, Masasi, na ng'ambo ya mto huko Msumbiji na Malawi.

Alichukuliwa utumwani akiwa mtoto. Njia za biashara hiyo zilitoka Ziwa Nyasa zikapita nchi za Wayao hadi Kilwa, na tuseme kweli: Wayao wenyewe waliiendesha, na babu zetu Wangoni nao waliteka watu. Wengi wa mateka wa Wangoni walichukua majina ya koo za mabwana wao, na wajukuu wao wanayatumia hata leo. Jacob aliokolewa baharini na manowari ya Waingereza, akapelekwa India, katika shule ya misheni ya CMS huko Nasik, karibu na Bombay. Huko alijifunza kusoma na kuandika, akabatizwa. Ilikuwa kawaida shuleni kuwapa watoto hao majina ya Kiingereza, jina la ukoo likiwa humo humo.

Mwandishi wa Kitabu cha Danieli, akieleza jinsi vijana wa Yuda walivyopewa majina mapya kule Babeli, anatutajia yote mawili: Danieli na Belteshaza, Hanania na Shadraka. Msomaji hapotezi njia ya kurudi nyumbani kwao. Kati ya Waafrika wa Nasik, Matthew Wellington alipata bahati hiyo; tunajua kwamba aliitwa Chengwimbe kabla ya kutekwa, naye ni Myao pia. Jacob tunamjua kwa jina la Nasik.

Jina hilo latokea mwaka 1872 kati ya vijana wa Nasik waliokuwa katika msafara ambao Stanley aliutuma kutoka pwani kwenda kumsaidia Livingstone. Mzee huyo alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Chuma na Susi, waliomtumikia miaka mingi, pamoja na wenzao waliamua kuurudisha mwili kwao. Moyo waliuzika chini ya mti. Hapakuwa na padre wala mchungaji. Aliyefungua kitabu akasoma sala za maziko ni Jacob.

Sisi wa Ruvuma tumezoea kuhesabu habari za imani tangu Wabenediktini walipofika Peramiho mwaka 1898. Hiyo ni hesabu ya misheni, wala haina kosa. Lakini miaka 25 kabla ya hapo mtoto wa Wayao, aliyewahi kuuzwa, alimwombea mmisionari Mzungu kaburini. Kwa kuwa anaitwa Wainwright, hatumkumbuki kama wa kwetu.

Jacob alichonga maandishi katika gome la mti ule: jina la Livingstone, tarehe, na majina ya watu watatu wa msafara. La kwake hakulichonga, ingawa kisu kilikuwa mkononi mwake.

Kisha wakaubeba mwili kwa mabega, miezi tisa ya njia, hadi Bagamoyo mwezi Februari 1874. Fundi wa magari asiye na gari! Walipofika Unyanyembe, Cameron, Mwingereza waliyemkuta huko, aliwashauri wamzike papo hapo. Walikataa. Jacob aliandika shajara ya safari hiyo, na mwaka ule ule ilichapwa Ujerumani kwa Kijerumani.

Tarehe 18 Aprili 1874, katika kanisa la Westminster Abbey, London, alikuwa mmoja wa wasindikizaji wa jeneza, Mwafrika pekee kati yao. Chuma na Susi walifika Uingereza baada ya maziko. Jiwe la kaburi hilo linasema kwamba Livingstone aliletwa na mikono miaminifu kupitia nchi kavu na bahari. Halisemi mikono ya nani.

Jacob alirudi Afrika akaitumikia misheni. Wellington aliishi Mombasa mpaka uzee mkubwa, akafariki mwaka 1935, na watu walimjia kumuuliza habari za zamani. Ndiyo maana tunalo lile jina la Chengwimbe. Jacob alifariki mwaka 1892 huko Urambo, nchi ya Wanyamwezi, magharibi ya Unyanyembe alikopita na mwili ule.