Viwanda vya Kuundia Vyombo na Madai juu ya Pwani Yetu

Wako waandishi, na miongoni mwao wamo wenye elimu ya kutosha, washikiliao kwamba pwani yetu haikupata kuwa na kiwanda cha kuundia vyombo mpaka wageni walipokuja na gudi zao, na hoja yao kubwa ni kwamba Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, pamoja na utajiri wake wote, aliagiza marikebu zake Bombay. Ni kweli aliagiza. Liverpool, manowari ya mizinga 74, iliundwa huko mwaka 1826, na mwaka 1836 akamtunuku mfalme wa Uingereza, ikaitwa Imaum. Na Sultana, iliyomfikisha Ahmad bin Na'aman New York mwaka 1840, ni kazi ya Bombay pia. Tangu fundi wa vyombo Lowji Nusserwanji Wadia alipohamia huko kutoka Surat mwaka 1736, ukoo wake ulijipatia sifa kwa msaji wa Malabar na kwa ustadi usio na shaka, wala sioni haja ya kuudunisha.

Lakini hoja hiyo yachukulia kwamba kiwanda ni kuta. Popote ulimwenguni kiwanda cha vyombo ni mahali ambapo mbao, mafundi na maji hukutana kwa mpango: magogo yalazwe yakauke, mkuku utandikwe, mataruma yachongwe kwa tezo, viungo vitiwe kalafati, na bamvua lijapo chombo kishuliwe. Hayo yote yalifanyika na yangali yakifanyika pwani, kama Matondoni katika kisiwa cha Lamu, pasipo ukuta hata mmoja.

Shahidi ninayemtegemea zaidi si rafiki wa pwani. Katika kumbukumbu ya safari ya Vasco da Gama, mmoja wa watu wake aandika habari za Msumbiji, walikofika mwezi wa Machi 1498, kwamba vyombo vya nchi ile ni vikubwa, vina sitaha, havina misumari, mbao zake zimeshikwa kwa kamba, na matanga yake ni ya ukili. Wasomaji wengi wapita ukurasa huo mbio wakitafuta mizinga na ugomvi, nao ndio wenye thamani kuliko yote, kwa kuwa mwandishi yule, ambaye hakuwa na sababu ya kutusifu, aeleza kazi ya waunzi waliokwisha kukomaa. Wala haikuwa sanaa ya juzi: kitabu cha Wayunani cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, kimetaja vyombo vya kushonwa vya Rhapta, bandari ya pwani hii hii.

Mtepe, chombo cha kushonwa kilichokuwa mashuhuri Pate na visiwa vya Wabajuni, uliundwa kinyume cha jahazi. Mbao za ubavuni zilianza kwanza, zikaunganishwa kwa vijiti na kushonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na mataruma yakafuata baadaye. Na kwa sababu ya kamba hizo mwili wake ulilegea kidogo mahali pa kuvunjika, ulipopwelewa mchangani. Kisha ukapandishwa tanga la mraba la ukili.

Wako waliotafuta asili yake mbali mashariki, wakidhani kwamba sanaa iliyofundishwa haiwezi kuwa yako. Siwezi kuwafuata. Ukubaliwe uzi kutoka ng'ambo, bado aliyeuchagua mti na kuutoboa na kuushona ni fundi wa Pate.

Hata dai la Bombay lamalizika kwa kuangalia kilichoagizwa. Seyyid Said alitaka manowari za kubeba mizinga mizito, na chombo cha kushonwa hakikuundwa kwa kazi hiyo. Kazi yake ilikuwa biashara, na miongoni mwa shehena zake zilikuwa boriti za mikoko kutoka visiwa vya Lamu, zile zile zilizoezekea majumba ya Unguja.