Sakafu na Subira Yake

Mtu akiingia katika nyumba mpya husifu kuta, madirisha na paa. Ni nadra ainame kuisifu sakafu. Hata hivyo sakafu nayo ina historia yake, na sisi wakaaji wa Bungoma na Kitale tumeiona sehemu kubwa ya historia hiyo katika muda wa karne moja tu. Sakafu zimebadilika sana, lakini kanuni moja haikubadilika: maji yaliyomo ndani yake hayana budi kutoka kabla haijavishwa uso.

Zamani, katika nyumba za Wabukusu, kusiriba sakafu ilikuwa kazi ya akina mama. Udongo ulipondwa, ukanyunyiziwa maji, ukashindiliwa mpaka ukawa mgumu. Kisha uliachwa. Moto wa mafigani uliukausha polepole, na nyufa zilipojitokeza zilizibwa. Ndipo mama alipochanganya samadi mbichi ya ng'ombe na udongo laini, akausiriba kwa kiganja, akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Nyuzi za majani zilizomo katika samadi huushika udongo usipasuke upesi. Lakini aliyesiriba kabla ya udongo wa chini kukauka aliona kazi yake ikibanduka kama ganda.

Sakafu hiyo ilipata adui mpya. Mwaka 1872 funza aliletwa na meli kutoka Brazili hadi pwani ya Angola. Akaenea na misafara, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amefika Afrika Mashariki. Funza hustawi katika vumbi. Basi sakafu ngumu ikawa jambo la afya, wala si la fahari tu. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na katika miaka hiyo hiyo njia ya kwenda Uganda ikapita Bungoma, hata mizigo mizito kama saruji ikaweza kuletwa kwa urahisi. Mwaka 1954 kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kutoa saruji. Siku hizi wengi huifunika saruji hiyo kwa vigae.

Neno sakafu lenyewe lilitujia kutoka pwani, na asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya paa. Mafundi wa pwani walitandaza kokoto, mchanga na chokaa juu ya boriti, wakavipigapiga kwa fimbo nyembamba mpaka vikashikamana. Unguja walikwenda mbele zaidi. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alijenga hamamu mjini, na maji ya moto yalipitishwa chini ya sakafu yake. Warumi wa kale walikuwa wamefanya jambo kama hilo kwa hewa ya moto. Leo, katika nchi za baridi, mabomba ya maji ya moto hufukiwa ndani ya saruji yenyewe, na vigae hubandikwa juu yake.

Sakafu ya namna hii huionyesha kanuni yetu waziwazi. Saruji huachwa siku 21 ipate nguvu. Kisha maji ya vuguvugu, ya digrii 25 hivi, hupitishwa siku 3. Halafu joto hupandishwa hadi kiwango cha juu kilichokusudiwa, likakaa siku 4, ndipo sakafu hupozwa. Fundi hufunika sehemu ndogo kwa karatasi ya nailoni na kuziba kingo zake. Kesho yake akiona matone chini yake, hungoja tena. Kandokando ya kuta huacha nafasi nyembamba, kwa kuwa sakafu ikipata joto hutanuka, na ikipoa hunywea. Asipofanya hivyo, vigae huinuka au hupasuka.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya nchi za mbali. Miaka michache iliyopita nilialikwa kuona nyumba mpya mjini Kitale. Haikuwa na mabomba sakafuni, ila jua la dirishani. Vigae vilimetameta, lakini ulipovikanyaga vilitoa sauti ya mtungi mtupu, na viwili vilikuwa vimekwisha kuinuka. Saruji ilikuwa imemwagwa wiki moja tu kabla ya kuvibandika, kwa sababu mwenye nyumba alitaka kuhamia kabla ya Krismasi. Ilipoendelea kukauka ilinywea, ikaviachia.

Nyanya yake, aliyekuja kutoka Bungoma, akagonga sakafu kwa mkongojo, akasikiliza.

"Wajukuu wangu," akasema, "mmeisiriba ingali mbichi."

Fundi hakujibu. Vigae vikang'olewa vyote, sakafu ikaachwa wazi hadi mwezi wa pili, na familia ikaendelea kukaa katika nyumba ya kupanga. Maarifa yaliyokosekana siku ile hayakuwa mageni: yalikuwa yamekaa Bungoma muda wote huo, katika viganja vya akina mama, na hakuna aliyekwenda kuyauliza.