Deheni na Vidanje: Kuhusu Historia ya Nyua za Mbao Nyalukemba

Makala haya yanahusu jambo linaloonekana dogo: ua wa mbao, na mafuta yanayopakwa juu yake ili mvua na jua visiuharibu. Apitaye katika vijia vya Nyalukemba, komini ya Ibanda, huona mbao zilizopakwa mafuta meusi yasiyokauka, yanayochafua nguo ya mpita njia asiye mwangalifu. Mafuta hayo hutoka garaji. Ni yale yaliyokwisha kutumika katika injini za magari. Huitwa vidanje, neno lililotoka katika Kifaransa. Tunajiuliza: je, wasemaji wa Kiswahili, lugha yenye msamiati mkongwe wa kuhifadhi mbao, walifikaje mahali pa kuazima garaji neno hilo pamoja na dawa yenyewe?

Inatupasa kuanzia pwani, kwa sababu msamiati huo ulizaliwa baharini. Mafundi wa majahazi waliziba nyufa kati ya mbao kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Kazi hiyo ni kukalafati. Sehemu ya chombo iliyo juu ya maji ilipakwa sifa, yaani mafuta ya ini la papa, ambayo harufu yake haisahauliki upesi. Sehemu ya chini ilipakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ili kuzuia wadudu watoboao mbao. Kazi hiyo haikuwa ya mara moja. Ilirudiwa kila chombo kilipopwelewa kwa matengenezo. Deheni, shahamu na kalafati ni maneno yaliyotujia kwa njia ya Kiarabu, na la kwanza lina mzizi wenye maana ya mafuta na kupaka. Inafaa kukumbuka kwamba deheni ni jina na pia ni kitenzi: fundi hudeheni chombo.

Hata hivyo, ua wa pwani haukudeheniwa. Ulikuwa wa makuti au wa fito, ukioza hufumwa mwingine. Shahamu ilikuwa mali, na mali iliwekwa penye mali, yaani kwenye chombo.

Misafara ya karne ya 19 ilipokifikisha Kiswahili Ujiji, Uvira na Kasongo, ilikuja na maneno ya biashara na ya safari. Maneno ya unahodha hayakupanda milima hadi Bushi, wala hayakuwa na kazi huku. Vyombo vya Ziwa Kivu vilikuwa mitumbwi ya gogo moja, na mtumbwi wa gogo moja hauna kiungo cha kukalafati.

Bushi kwenyewe ua ulikuwa hai. Ulipandwa kwa miti ya jamii ya mkuyu, kwa minyaa, kwa drasena. Katika nchi iliyo kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, ambako mvua hunyesha tangu Septemba hadi Mei, ua wa namna hiyo haukuhitaji kukingwa na mvua. Mvua ndiyo iliyoukuza. Zaidi ya hayo, drasena ilikuwa alama ya mpaka. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka isale la Wachaga, ambalo ni mmea wa jamii hiyohiyo na lina kazi hiyohiyo. Tazama pia jinsi lugha zinavyokubaliana: urugo wa Kinyarwanda ni uzio na ni kaya, ua wa Kiswahili ni uzio na ni uwanja uliomo ndani yake.

Kituo cha Wabelgiji kilianza hapa mwanzoni mwa karne ya 20. Mji uliitwa Costermansville tangu 1927, ukarudishiwa jina la Bukavu katika miaka ya 1950. Ukoloni ulileta upimaji wa viwanja, na ushahidi wa mpaka ukahama kutoka kwenye mti kwenda kwenye karatasi. Ulileta pia mkaratusi, mti unaokua haraka na kupasuliwa mbao. Ulaya, kwa upande wake, ilikuwa imekwisha kupata dawa zake: John Bethell alipewa hataza Uingereza mwaka 1838 kwa njia ya kushindilia mafuta ya lami ya makaa ndani ya mbao, na mwaka 1888 Avenarius wa Ujerumani akapata hataza ya Carbolineum. Dawa hizo zilikusudiwa hasa reli, nguzo na bandari. Mwenye ua wa kawaida alijitafutia yake.

Badiliko kubwa, kwa maoni yetu, ni la miaka ya 1990. Wakimbizi wa mwaka 1994, kisha vita vya 1996 na 1998, viliwasukuma watu wengi mjini, na viwanja vikagawanywa tena na tena. Ua hai hula karibu mita nzima ya ardhi. Ubao hula unene wa vidole viwili. Mahali ambapo kila hatua ina bei, mti ulishindwa. Lakini mkaratusi mchanga, uliopasuliwa ukiwa mbichi, hujikunja na kupasuka. Jua huvunja kile kinachoshikamanisha nyuzi za mbao na kuzifanya kijivu. Unyevu ukizidi asilimia 20 hivi, kuvu huanza kazi, na mguu wa nguzo uliozikwa udongoni ndio huoza kwanza.

Hapo ndipo vidanje lilipopata nafasi, kwa kuwa ni rahisi na halikosekani. Hufukuza maji kwa muda. Lakini halikauki kama mafuta ya kitani yanavyokauka. Mvua huliosha na kulipeleka mfereji kwa mfereji hadi ziwani, pamoja na madini mazito yaliyomo. Tena hulisha moto, katika mji ambao nyumba zake za mbao zimeungua mtaa baada ya mtaa. Nguzo iliyosimamishwa juu ya jiwe, kichwa chake kikiwa kimekatwa mshazari, huishi kuliko iliyopakwa vidanje mara tatu.

Wala si mbao tu zinazopotea. Ua ulioanguka usiku huweza kusimamishwa asubuhi hatua moja ndani ya kiwanja cha jirani, na mti wa kutoa ushahidi haupo tena. Kesi za mipaka katika mji wetu si haba.

Kuhusu istilahi, Watanzania husema oili chafu, na usemi huo angalau hauficha kitu. Wanafunzi wetu huandika kupaka vidanje hata wanapozungumzia vanishi au mafuta ya kitani. Tungependelea kitenzi kudeheni kipanuliwe kihusu kila mbao inayokingwa na maji, iwe ya chombo au ya ua, na vidanje libaki kuwa jina la yale mafuta meusi ya garaji peke yake.