Walimu Wageni na Mpaka wa Petite Barrière

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shuleni mwalimu mgeni hupewa jembe lake, yaani chaki, siku ya kwanza. Lakini Gisenyi, penye kivuko cha Petite Barrière cha kwendea Goma, historia inaonyesha kwamba kumkaribisha mwalimu ni rahisi kuliko kumuaga.

Baada ya 1959 wakimbizi wengi wa Rwanda waliingia Kivu. Kongo ilipopata uhuru 1960, Wabelgiji wengi waliondoka, na baadhi ya wakimbizi hao wakawa walimu. Julai 1994 watu wapatao milioni moja walikimbilia Goma kwa siku chache, huku wakimbizi wa zamani wakirudi Rwanda. Madarasa yalibaki bila walimu pande zote mbili, na hakuna aliyeagana.

Mwaka 2008 Rwanda iliamua kufundisha kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Walimu wa Uganda na Kenya wakahitajika, na 2022 wakaja wa Zimbabwe. Mwalimu wa Goma, jirani wa hatua chache, akawa mgeni kuliko aliyetoka mbali. Machi 2020 korona ilipofunga mpaka, aliyelala upande mmoja na kufundisha wa pili hakupata nafasi ya kuaga.

Kwa hiyo, shule ya mpakani iandae kwaheri tangu siku ya karibu: mwalimu aandike maendeleo ya kila mwanafunzi, ili atakayempokea asianze gizani.